Kwa sheria yetu, Volt ingekufa 2019

Wiki mbili sasa niko nawaza juu ya chama moja ya Bulaya yenye batu mingi ya hapa Bukavu, Kongo, habajaisikia hata siku moja, inaitwa Volt. Mudogo wangu mwenye anakaa Ujerumani njo alinielezea kwa telefone, tulikuwa tunaongea juu ya uchaguzi ya kwetu, nikamukumbusha habari ya dada, akanyamaza kidogo kisha akasema «yaya, huku chama kama ya dada inaweza kuingia».

Dada yetu anauzaka vitenge pale Nyawera. Mwaka 2023 alijitoa kandida depite nasionali kwa chama ndogo, ndogo kabisa, kosyo, pesa ya kujiandikisha, ni franka 1,600,000 na hairudi hata ukianguka, aliuza mpaka friji. Tarehe 20 Desemba miye nilikuwa temwa wake, mwenye kumuangalilia kura, kwa biro moja ya kura kule Kadutu. Usiku moto ikakatika, tukahesabu na toshi za telefone, mwenye kusoma anainua karatasi moja moja, anaigeuza batu bote baone sura ya kandida, anaita namba, mwenzake anachora mustari na shoki kwa tablo. Kila mara namba ya dada ikiitwa nilikuwa nasikia moyo inaruka. Mara kumi na ine. Biro moja tu, na mutu mwenye hakugawa hata kipande ya sabuni! Nilipiga foto ya ile fishi ya matokeo na mikono inatetemeka.

Kisha tukaambiwa chama yake haikufika asilimia 1 ya kura za inchi nzima. Hiyo njo sheria: lista yenye haifike 1% haiingie hata kwa kugawa viti, hata kama kwenu muji nzima bangekuchagua. Bale batu kumi na ine ni kama habakuamuka asubui kupanga mustari.

Sasa Volt. Vijana batatu njo baliianzisha tarehe 29 Machi 2017, Andrea Venzon wa Italia, Colombe Cahen-Salvador wa Ufaransa na Damian Boeselager wa Ujerumani, siku ileile Uingereza ilipeleka barua ya kutoka kwa Umoja wa Ulaya. Benyewe balitaka kinyume: Ulaya iungane zaidi, na chama ikuwe moja, jina moja na programu moja kwa kila inchi. Mwaka 2019 bakaenda kwa uchaguzi ya Bunge la Ulaya, na Ujerumani bakapata asilimia 0.7. Sifuri nukta saba! Na wakapata kiti moja kati ya 96 za Ujerumani, Boeselager akaingia.

Miye nilimuuliza mudogo mara mbili kama hajakosea. Hajakosea. Korti yao ya katiba ilikuwa imefuta kizingiti, ile asilimia ya chini ya kupata kiti, ya 5% mwaka 2011, bunge ikarudisha 3%, korti ikaifuta na hiyo 2014, ikasema kura za batu hazitupwe hivi hivi kama hakuna sababu nzito. Lakini kwa bunge yao ya inchi kizingiti ya 5% iko bado, na mwaka 2025 Volt ikapata kule 0.7% ileile, haikupata kiti hata moja. Namba ileile, chama ileile, huku mulango iko wazi, kule imefungwa. Hapo njo niliacha kulaumu dada yangu kwamba hakufanya kampanye ya kutosha, na nilikuwa nimemulaumu sana, hata mbele ya watoto wake.

Na angalieni kiti moja inazaa nini. Mwaka 2021 Volt ikapata viti 3 kwa bunge ya Uholanzi, kule nako kizingiti ni kidogo sana, inatosha kura za kiti moja. Mwaka 2024 ikapata batu batano kwa Bunge la Ulaya, batatu ba Ujerumani na babili ba Uholanzi. Si kama njia ni laini kila fasi, Italia mwaka 2019 waliomba saini 150,000 mbele lista ipokelewe, Ufaransa lista inajilipia yenyewe karatasi za kura.

Bale wanaoitetea 1% yetu banasema vyama vimezidi, na ni kweli, ingine ni ya mutu moja na familia yake, inachosha. Lakini kizingiti haichague chama ya kweli na ya uongo, inachagua tu yenye pesa za kufika kila provense. Mwenye hana pesa anaingia kwa regrupema, muungano wa vyama, ya mukubwa, anamubebea kura, basi.

Kitu ingine yenye inanikaa kwa roho: sisi tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kuko bunge kule Arusha, lakini depite wake wanachaguliwa na mabunge ya inchi, miye na weye hatupigie mutu kura. Mama mwenye anavuka Ruzizi kila asubui na kitunga ya nyanya angekuwa na mengi ya kusema kule.

Leo asubui nilimutumia dada tena ile foto ya fishi ya Kadutu, chini yake nikaandika 0.7 tu. Amejibu: «Ukuye soko saa kumi, unielezee yote polepole.»