Mishale Mitatu ya Udhamini

Wiki mbili nimeshinda na kamati ya mikopo ya SACCOS moja hapa Dar, tukikubaliana mfumo wao mpya ufanye nini kabla sijaandika programu yenyewe.

Tulianza na ubao. Nikachora visanduku: mkopo umeombwa, umedhaminiwa, umeidhinishwa, umetolewa, umelipwa. Mweka hazina, mama wa makamo, akasogea hadi ubaoni. “Mwanangu, ukikataliwa unakwenda wapi?” Kisanduku hicho sikukichora. Ndiyo maana napenda michoro: mwenye kazi yake anaisoma bila mkalimani. Mwanasayansi wa kompyuta David Harel alilionyesha hilo tangu 1987, kwamba mchoro wa hali, yaani visanduku vya hatua kama hivi, unaweza kubeba maana kamili, usiwe pambo la ripoti.

Udhamini nao tukauchora: mshale kutoka kwa mdhamini kwenda kwa mkopaji. Sharti likawa moja, mtu asijidhamini mwenyewe. Wote wakaridhika, na mimi nikaridhika.

Usiku nikayaandika yaleyale kwa Alloy, lugha ya kompyuta ya kueleza masharti ya mfumo na kuyakagua, iliyobuniwa na Daniel Jackson na wenzake kule chuo kikuu cha MIT, Marekani. Nikaweka dai hili:

no m: Mwanachama | m in m.^anamdhamini

Yaani, ukiufuata mshale wa udhamini hatua kwa hatua, usije ukarudi kwa mtu uliyeanzia. Alloy hupekua kila hali inayowezekana ndani ya idadi ndogo unayoitaja, ikitafuta inayovunja dai lako. Mimi nilitaja wanachama watatu. Haikuchukua hata dakika, ikanirudishia mchoro: A anamdhamini B, B anamdhamini C, C anamdhamini A. Hakuna aliyejidhamini, sharti letu halikuvunjwa, na bado akikwama mmoja wote watatu wanaanguka na akiba za wenzao.

Ubaoni tusingeliona hilo, kwa sababu mkono huchora mfano ulio kichwani tu. Na fomula peke yake nisingethubutu kuipeleka kwenye kikao. Kilichonifurahisha ni kwamba jibu la hesabu lilirudi likiwa picha. Asubuhi nikaichora ileile, mishale mitatu, bila neno.

Mama akaitazama kitambo. “Hawa nawajua,” akasema taratibu. Kisha akachukua chaki, akamfuta B. “Na huyu akijitoa uanachama mkopo wa C haujaisha, nani anabaki kuudhamini?”

Leo usiku naandika dai la pili.