Kumbukumbu ya mradi: tarakimu kinyumenyume, wiki ya sita

Jana jioni, baada ya wiki sita, daftari langu la matokeo limeacha kunidanganya. Napima kama kutembea penye miti au maji huburudisha umakini uliochoka kuliko kutembea sokoni. Utaratibu ni uleule: nasahihisha madaftari ya hesabu ya kidato cha pili mpaka kichwa kigome, mke wangu ananisomea tarakimu nami nazirudisha kinyumenyume, natembea dakika 50, kisha tunarudia zoezi.

Kilichonikwamisha wiki tatu nzima ni kwamba alama zilikuwa zikipanda kila siku, niwe nimetembea kando ya Ziwa Tanganyika au nimekatiza soko la Mwanga, hapa Kigoma, saa ya msongamano. Siku mbili za kwanza nilifurahi, kisha nikaona aibu, kwa sababu yale hayakuwa matunda ya miti wala ya upepo wa ziwani, bali mazoea. Isitoshe, mama watoto, bila kukusudia, alikuwa akisoma tarakimu kwa mafungu ya tatu tatu kama anayetaja namba ya simu, na fungu likianza na sifuri saba tano hata aliyesinzia atalishika. Sasa tunatumia vipande tisa vya karatasi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Anavichomoa, anavipanga mezani, kisha anavisoma kimoja kimoja kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Nilijaribu pia programu ya simu inayotoa tarakimu yenyewe, nikaifuta siku ileile, maana simu inayotetema kwa ujumbe wa kamati ya harusi haiwezi kupima uchovu ambao yenyewe ndiyo inauleta.

Kuhusu mazoea, dawa niliipata katika utafiti wa Marc Berman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliochapishwa mwaka 2008. Kila mshiriki alitembea njia zote mbili, ya bustani ya miti na ya katikati ya mji, huku wengine wakianza na hii na wengine na ile. Waliotoka bustanini walirudisha tarakimu vizuri zaidi, hata waliotembea kwenye baridi kali ambao hawakuifurahia safari yenyewe. Mimi niko peke yangu, kwa hiyo narusha shilingi: mwenge, naelekea sokoni, kichwa, ziwani.

Hata hivyo shilingi haikutosha, kwa kuwa njia yangu ya ziwani ilikuwa Kibirizi, kwenye mwalo wa kushushia dagaa. Nilidhani maji ni maji. Kibirizi unakwepa pikipiki, unampisha mpagazi mwenye gunia la dagaa, na kabla hujapumua mtu anakuita, "Mwalimu, shikamoo, hawa wa leo hawa!" Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan walieleza kwamba kinachochoka ni ule umakini wa kujilazimisha, na kwamba hupumzika pale macho yanapovutwa kwa upole, bila kuamriwa. Mwalo kama wa Kibirizi huvuta macho kwa kuyanyang'anya. Nilipohamia njia ya mlimani kuelekea Katonga, ambako miti inasikika na ziwa liko chini kwa mbali, alama ziliachana: siku za mlimani nafikisha tarakimu sita au saba, siku za soko nabaki tano. Ni daftari la mtu mmoja, lakini sikulala kwa furaha.

Hatua iliyopangwa kufuata ilikuwa picha za misitu ukutani. Nimeiahirisha, kwa sababu usiku huohuo wa kukosa usingizi nilikaa barazani nikitazama taa za wavuvi wa dagaa, zimetanda ziwani kama mji unaoelea, zikisogea taratibu bila kunidai chochote. Wavuvi hao hutegemea giza; mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika, na taa hupotea. Maana yake mwezi utanipangia usiku wa taa na usiku usio na taa bila mimi kurusha shilingi, ingawa bado sijui nifanye nini na mwanga wa mwezi wenyewe juu ya maji, ambao nao unavuta. Kopo nimeshalihamishia barazani.