Safu ya "Labda"

Juzi binti yangu aliniuliza bila hata kuinua macho kwenye simu: "Baba, hawa watu wa kupunguza jua wanalipwa na nani? Na ni pesa ngapi?" Alikuwa amekutana na habari za Stardust, kampuni iliyochangisha dola milioni 60 mwaka 2025. La nani nikamjibu. La ngapi nikalizungukazunguka hadi akachoka, kwa sababu swali hilohilo liliwahi kuninyima usingizi Gigiri, Februari 2024.

Siku zile mnazijua: kibarua cha utafiti, beji shingoni, chai ya bure. Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikuwa linakutana Nairobi, na Uswisi ilikuwa imeleta rasimu ya azimio kuhusu jiouhandisi wa jua, yaani mbinu kama kutawanya chembechembe juu kabisa angani ili mwanga kiasi urudi ulikotoka. Volkano ya Pinatubo ilifanya hivyo bila kuombwa mwaka 1991, dunia ikapoa kwa karibu nusu nyuzi. Nchi za Afrika nazo zilikuwa zinakumbusha kauli ya mawaziri wao ya Addis Ababa, Agosti 2023, kwamba wanataka makubaliano ya kutotumia mbinu hizo. Katikati ya mabishano mjumbe mmoja akauliza: huu utafiti, dunia nzima, unatengewa kiasi gani? Kazi ikashuka ngazi mpaka ikanifikia mimi. Asubuhi nikawa na jedwali, na chini yake jumla moja nono.

Jumla hiyo ikaangukia mikononi mwa mama mmoja kutoka ng'ambo ya Namanga, mkaguzi mstaafu wa hesabu za serikali, aliyekuja kama mshauri wa ujumbe wao. Tulikaa mkahawani. Akasogeza kikombe, akageuza karatasi ya ratiba, akachora safu tatu kwa biro: Ndiyo, Hapana, Labda.

"Haya kijana, tuanze. Hii milioni 100 hadi 200 ya Marekani, nani ameilipa?"

"Bado, Mama. Ni pendekezo la Akademia za Sayansi, 2021. Wametaka zitumike kwa miaka mitano."

"Pendekezo halinunui hata chaki." Hapana. Jumla yangu ikanywea papo hapo.

Tukaja Uingereza, mradi wa SPICE. Walitaka kupandisha puto na bomba la kilomita moja kule Norfolk, lirushe maji tu kwa majaribio. Mwaka 2012 jaribio likafutwa.

"Bomba halikupaa?"

"Halikupaa. Lakini kazi ya maabara na kompyuta iliendelea."

"Na mishahara ikalipwa. Ndiyo."

Ujerumani ndiyo iliyotuweka. Programu yao ya 2013 hadi 2019 ilichanganya mambo mawili, kuakisi jua na kuondoa kaboni hewani, na ndani yake mlikuwa na wanasheria na wanafalsafa pia. Mimi nilikuwa nimeandika nusu.

"Kwa nini nusu?"

Nikanyamaza.

"Nusu ni hesabu ya watu wawili wanaogawana muhogo," akasema, akaipeleka Labda.

Ikafuatia NOAA, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia bahari na angahewa. Bunge lao liliwapa dola milioni 4 kwa mwaka wa fedha wa 2020, na sehemu ya kazi ni kupandisha maputo ya kupima chembechembe zilizoko angani tayari. Vipimo hivyo vinafaa hata kama hakuna atakayegusa jua kamwe. Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Biro ilibaki hewani muda mrefu mpaka nikadhani amesahau. Kisha: Labda.

Mstari wa Afrika alitaka kuuona mwenyewe. Mfuko wa DECIMALS, 2018: takriban dola 400,000, timu nane kutoka nchi nane, zikiwemo Benin, Côte d'Ivoire na Afrika Kusini, zichunguze mbinu hizi zingefanya nini kwa mvua na ukame wa kwao. "Mbona hii fupi hivi?" Kisha, kabla sijajibu: "Na hawa waliotoa, umewahesabu wapi? Kwa mtoaji au kwa mpokeaji?" Nilikuwa nimewaweka mara moja tu, kwa mtoaji. Akatikisa kichwa kuridhika. Nakiri nilifurahi kuliko nilivyostahili.

Tulimpelekea mjumbe namba mbili, ya chini na ya juu, zikiwa zimeachana mno. Akasema anahitaji moja. Mama akamwambia achague mwenyewe, ila akiulizwa aseme ni yake. Mjadala wenyewe haukufika kwenye pesa. Kabla wiki haijaisha Uswisi ikaiondoa rasimu, kama ilivyofanya mwaka 2019, tukarudisha beji.

Jedwali ninalo bado. Mei 2025 wakala wa Uingereza uitwao ARIA ulitangaza pauni milioni 56.8 kwa miradi 21. Miradi mitano ina majaribio madogo ya nje. Mingineyo ni ya kompyuta, vipimo, na maswali ya nani ataamua. Niliifungua mmojammoja usiku, nikiuliza kwa sauti ya yule mama. Zilizo kwenye safu ya Ndiyo zimeongezeka, sikatai. Ila safu ya Labda sasa imejaa hadi inahitaji ukurasa wa pili, na kuna miradi ambayo nimeihamisha huku na huku mara kadhaa, nikiwa na sababu nzuri kila mara.