Nilivyozipima Kauli za Watazamaji Kuhusu Ocean's Eleven

Nilipokubali kuongoza mjadala wa Ocean's Eleven ya mwaka 2001, filamu ya genge linaloiba kasino za Las Vegas, katika kikundi chetu cha wapenzi wa filamu, nilidhani kazi imekwisha kabla haijaanza. Hukumu nilikuwa nayo tayari: kwamba filamu ile ni mkusanyiko wa nyuso maarufu zilizovalishwa suti nzuri, na kwamba mwongozaji akishawaweka George Clooney, Brad Pitt, Matt Damon, Andy García na Julia Roberts katika picha moja hana haja tena ya kusimulia kisa. Niliitoa hukumu hiyo katika sentensi yangu ya kwanza, na hapo ndipo nilipoharibu. Waliokubaliana nami waliyarudia maneno yangu kwa sauti kubwa zaidi, waliopinga wakajitetea kana kwamba nimewatukana wao wenyewe, na baada ya nusu saa tulikuwa tunabishana kuhusu nani ana ladha na nani hana. Filamu ilikuwa imesahaulika kabisa. Tuliahirisha mjadala hadi mwezi uliofuata, nami nikapewa nafasi ya pili ambayo kwa kweli sikuistahili.

Mara ya pili niliokolewa na daftari. Niliwafuata washiriki mmoja mmoja na kuwaomba kila mtu anipe sentensi moja tu kuhusu kilichompendeza au kilichomuudhi, nikaziandika zote bila kujibu hata moja, jambo ambalo kwa mtu wa tabia yangu lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia. Kisha nikaitazama filamu ya mwaka 2001, nikaitazama na ile ya mwaka 1960 ambayo ndiyo iliyoizaa, halafu nikarudia zote mbili huku daftari likiwa mapajani, nikisimamisha picha kila nilipofika mahali panapohusu kauli fulani.

Kauli iliyorudiwa na watu wengi zaidi ilisema kwamba filamu ya zamani ni bora kwa sababu waigizaji wake walikuwa marafiki wa kweli. Nusu ya kauli hiyo haina ubishi. Frank Sinatra, Dean Martin, Sammy Davis Jr., Peter Lawford na Joey Bishop walikuwa kundi moja hata nje ya kamera, na wakati filamu hiyo ya Lewis Milestone inapigwa katika jiji la Las Vegas walikuwa pia wakitumbuiza pamoja jukwaani katika hoteli ya Sands nyakati za usiku. Lakini nilipoitazama kwa makini niliona kwamba urafiki huo ndio unaoichelewesha. Filamu ina dakika 127, na sehemu kubwa ya muda huo hupita vyumbani, watu wakitaniana, wakinywa na kuimba, huku wizi wenyewe ukisubiri. Wizi unapofika ni mzuri: wanajeshi wa zamani wa kikosi cha miavuli wanazima umeme usiku wa mkesha wa mwaka mpya na kuzivamia kasino tano kwa mpigo, yaani Sahara, Riviera, Desert Inn, Sands na Flamingo. Baadaye niligundua kwamba wengi waliokuwa wakiisifu filamu hiyo walikuwa wakikumbuka mwisho wake tu, na siwalaumu, maana mwisho ule ni wa pekee. Mwenzao mmoja amekufa kwa mshtuko wa moyo, wao wameficha fedha ndani ya jeneza lake, kisha wanakaa kanisani wakisikiliza sauti ya tanuri na kutambua kwamba maiti inachomwa pamoja na jeneza na kila kilichomo. Filamu ya mwaka 2001 haina kitu cha kulinganishwa na dakika hizo, na katika daftari niliandika hivyo bila kusita.

Hata hivyo, picha inayofuata ndiyo iliyoanza kunitoa katika msimamo wangu. Genge lililopoteza kila kitu linatembea kando ya barabara, na nyuma yake linaonekana bango la Sands lenye majina halisi ya waigizaji hao hao. Nilikuwa nimelalamika kwamba toleo jipya linauza majina ya mastaa badala ya wahusika, kumbe filamu ya kwanza ililiweka jambo hilo hadharani, kwa herufi kubwa, juu ya hoteli. Kama ni kosa, basi ni kosa la kurithi.

Kulikuwa na kauli nyingine ambayo mwanzoni niliiona iko nje ya mada. Mshiriki mmoja aliuliza kwa nini Sammy Davis Jr., mwigizaji mweusi ambaye kipaji chake kiliwazidi wengi wa wenzake, amepewa nafasi ya dereva wa gari la taka. Katika hadithi gari hilo lina kazi muhimu, kwa kuwa ndilo linaloondoa fedha mjini, lakini swali halikuhusu hadithi. Filamu ilipigwa mwanzoni mwa mwaka 1960, na makubaliano ya kuondoa ubaguzi wa rangi katika kasino za Las Vegas, yaliyofikiwa katika hoteli ya Moulin Rouge, ni ya Machi mwaka huohuo. Nikiwa na tarehe hizo mkononi niliirudia sehemu moja ya toleo jipya niliyokuwa nimeicheka tu bila kuifikiria. Bernie Mac, anayeigiza mchezesha karata aitwaye Frank Catton, anahojiwa na Matt Damon aliyejifanya afisa wa tume ya michezo ya kamari ya Nevada. Ghafla Catton analipuka na kudai kwamba anaonewa kwa sababu ya rangi yake. Wote wawili wako katika njama moja, na vurugu ile inampa Damon nafasi ya kuchomoa namba za siri kutoka katika koti la mwenye kasino. Jambo lililokuwa kanuni ya mji miaka arobaini kabla yake limegeuzwa kuwa silaha mikononi mwa wezi. Sijui kama kila mtazamaji analiona hilo. Mimi nisingeliona bila swali la yule mshiriki.

Malalamiko kwamba hakuna hatari, kwamba mtazamaji hana shaka hata kidogo kuwa watashinda, niliyachukulia kwa uzito kwa sababu yalikuwa yangu pia. Nilihesabu mahali ambapo mpango unakwama. Yen, yule mwanasarakasi anayeigizwa na Shaobo Qin, anaumia mkono kabla ya siku yenyewe, na akiwa ndani ya chumba cha hazina bendeji yake inanasa mlangoni wakati baruti iko tayari kulipuliwa. Wenzake walio nje wanabonyeza kitufe bila kujua, na kinachomwokoa ni betri zilizokwisha nguvu tu, maana hakuna aliyekumbuka kuzikagua. Ni hatari ya kweli inayomalizwa kwa kicheko. Hapo nilielewa kwamba mwongozaji, Steven Soderbergh, hakushindwa kututia hofu. Aliamua kuipunguza makusudi, kama fundi wa muziki anayeshusha sauti ya ngoma ili zeze lisikike. Mtazamaji anayetaka kutokwa jasho ana haki ya kuondoka na njaa yake, lakini asiseme kwamba mpishi hakujua kupika.

Sasa nifike kwenye lalamiko la vipeperushi, kwamba filamu haielezi viliingiaje kwenye hazina, maana bila vipeperushi huwezi kukaa na watazamaji wa filamu hii kwa zaidi ya dakika kumi. Kasino tatu za Terry Benedict, anayeigizwa na García, ambazo ni Bellagio, Mirage na MGM Grand, zinahifadhi fedha zao katika chumba kimoja cha hazina, na usiku wa pambano la masumbwi kiasi kinachotarajiwa humo ni zaidi ya dola milioni 150. Genge limejenga nakala ya chumba hicho, na Benedict anaonyeshwa kwenye skrini wizi uliorekodiwa humo mapema akidhani unatokea wakati huo. Anaitambua hila akiwa amechelewa, kwa sababu sakafu kwenye picha haina jina la Bellagio ambalo chumba halisi kilikuwa kimewekewa siku chache tu zilizopita. Kabla ya hapo alikwisha kuona mifuko ikitolewa na kupakiwa kwenye gari, nayo haikuwa na fedha bali vipeperushi vya kutangaza makahaba. Fedha zenyewe zilitoka na watu waliovaa sare za kikosi maalumu cha polisi, kikosi ambacho Benedict mwenyewe alidhani amekiita. Yote haya yanaeleweka. Kisichoelezwa popote ni namna vipeperushi vilivyoingia kwenye chumba cha hazina kabla ya wale polisi bandia kufika. Waliokiingia hawakuwa na nafasi ya kubeba mzigo kama huo. Nilisimamisha picha, nikarudi nyuma, nikahesabu mifuko kama karani wa benki, kisha nikaandika: aliyelalamika ana haki.

Lakini kwa nini basi karibu kila mtu, pamoja na yule aliyelalamika, alikiri kwamba mara ya kwanza hakuona tundu lolote? Swali hilo ndilo lililonishughulisha kuliko mengine yote. Jibu nililipata nilipomfuatilia Linus, yule kijana mchomoa mifuko anayeigizwa na Damon. Katikati ya filamu Clooney na Pitt wanaonekana kugombana: Danny Ocean, kiongozi wa genge anayeigizwa na Clooney, anaondolewa katika mpango kwa sababu ametambuliwa na watu wa kasino na kwa sababu Tess, mke wake wa zamani anayeigizwa na Roberts, sasa yuko na Benedict. Linus anaamini. Sisi tunaamini pamoja naye. Baadaye inafichuka kwamba kuondolewa kule kulikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo, na Linus anapouliza kwa nini hakuambiwa, anajibiwa kwa mzaha kwamba angeambiwa raha ingekuwa wapi.

Linus ni sisi. Kwa muda mrefu tumekaa karibu na nyuso hizi, tumesikiliza minong'ono yao, tumemwona Pitt akila karibu kila anapotokea, hadi tukajihesabu kuwa miongoni mwao, na mtu hamkagui mwenzake wa genge. Umaarufu wa waigizaji, ambao niliuona kuwa pambo la kufunika utupu, ndio chombo ambacho filamu inakitumia kumwibia mtazamaji. Wangekuwa waigizaji wasiojulikana, tungewachunguza mikono tangu dakika ya kwanza. Hapo hukumu yangu ya mwanzo iliporomoka, ingawa nakiri kwamba ilinichukua siku kadhaa kulikubali hilo, kwa kuwa nilikuwa nimeitangaza mbele ya watu.

Si kila kauli iliyonigeuza. Waliosema kwamba Tess hana kazi isipokuwa kuwa zawadi inayogombaniwa na wanaume wawili walisema kweli, na utani wa kumtambulisha Julia Roberts katika orodha ya waigizaji kana kwamba ni mgeni katika sinema, wakati mwaka huohuo alikuwa ametoka kupokea Oscar, hauliponyi tatizo hilo. Kuhusu lafudhi ya Kiingereza cha London anayoilazimisha Don Cheadle, mwigizaji mwingine wa genge hilo, sina la kuongeza. Inachekesha mahali ambapo haikukusudiwa.

Siku ya mjadala wa pili sikusema maoni yangu. Nilizisoma kauli kutoka kwenye daftari bila kumtaja aliyezisema, na baada ya kila kauli nikaonyesha sehemu ya filamu inayohusika, dakika mbili au tatu tu, kisha nikauliza swali moja: mtu aliyesema hivi alikuwa amekuja kutafuta nini? Swali hilo lilifanya kazi ambayo hoja zangu zote za mwezi uliopita zilishindwa kuifanya. Aliyetaka hofu alitambua kwamba alikuwa akiipima filamu hii kwa kipimo cha nyingine. Wale waliokuwa wakiitetea ya zamani walikubali kuitazama upya, na wawili wao wakarudi na habari kwamba walisinzia kabla ya wizi. Kuna mmoja aliyebaki na msimamo wake kuwa filamu nzima ni maringo matupu, lakini safari hii alieleza kwa mifano, akitaja picha kwa picha, na kwa kiasi fulani alinishawishi kuhusu theluthi ya mwanzo, ambapo wahusika wengi wanapitishwa mbele yetu haraka mno hata ndugu wawili Malloy wanabaki kuwa kelele tu.

Nilimalizia kwa kuonyesha miisho yote miwili mfululizo. Kwanza wale wa mwaka 1960 wakitembea mbele ya bango la Sands wakiwa wamepoteza, kisha wale wa mwaka 2001 wakiwa wamesimama mbele ya chemchemi za Bellagio wakiwa wameshinda, muziki wa mtunzi Debussy ukipigwa, wakiondoka mmoja baada ya mwingine bila kusema neno. Hoteli ya Sands ilikwisha kubomolewa mwaka 1996, na Bellagio ilifunguliwa miaka miwili baadaye. Hakuna aliyezungumza kwa muda. Kisha, tukiwa tunapanga viti, mshiriki yuleyule wa vipeperushi alianza kueleza nadharia mpya inayohusu kigari alichofichwa Yen ili aingizwe kwenye hazina, na watu watatu wakaweka viti chini ili wambishie.