Tulivyozunguka milima ya Colorado na mama mzazi kwenye gari la familia

Wengi wetu tunaoishi huku Texas tukisikia Colorado tunafikiria theluji na watu wa skii tu. Mimi nataka nieleze safari ya kiangazi, na gari lako mwenyewe, hasa kama una mzazi amekuja kukutembelea kutoka nyumbani na unajiuliza umpeleke wapi zaidi ya moli na kanisani. Mama yangu anatoka Makete, kule nyanda za juu za Tanzania kwenye baridi na viazi, amevuka sabini, anameza dawa za presha kila siku, na alivyokaa Dallas miezi kadhaa akaanza kulalamika kwamba hapa kwenu mwanangu ni tambarare tupu, hata kilima cha kupumzishia macho hakuna. Nikasema basi mama, nakupeleka kwenye milima, na tukaenda mimi, mke wangu, watoto na yeye, kwenye Sienna yetu ileile ya kupelekea watoto shule, na namshukuru Mungu tulirudi salama wote na mama mpaka leo anahadithia.

Siri ya safari nzima ni hii: Colorado usiipange kwa maili, ipange kwa urefu wa kwenda juu na kwa saa ya siku. Ukiangalia ramani utaona sehemu mbili ziko karibu tu, lisaa na nusu, kumbe katikati unapanda kilomita moja na zaidi kwenda juu halafu unashuka tena. Mabango yote yanaandika futi, kwa hiyo ukiona namba gawanya kwa tatu kisha punguza kidogo unapata mita. Nawapa mfano ambao sisi tunauelewa haraka. Ile barabara ya Trail Ridge ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain inafika futi 12,183, yaani mita 3,713, ni karibu sawasawa na kibanda cha Horombo pale Kilimanjaro, na Horombo kwa njia ya Marangu watu wanatembea siku mbili kufika. Huku unafika na gari, umekaa, unakula karanga, na mwili haujapewa taarifa yoyote.

Ndo maana kabla ya kitu chochote tulienda kwa daktari wa mama. Mama mwenyewe alikua anasema mimi nimezaliwa kwenye baridi na milima mnanipima nini, ila mwili ukikaa bondeni wiki kadhaa unasahau, na Dallas ni chini sana, kama mita 130 hivi. Daktari akamruhusu, akasema dawa za presha asiache hata siku moja, anywe maji mengi, siku za mwanzo atembee taratibu, na kama kichwa kinauma hakiachi, au anatapika, au anahema akiwa amekaa tu, msisubiri asubuhi, shukeni hapohapo. Tukanunua na kale kadude ka kubana kidoleni kanakopima oksijeni. Dallas kalikua kanasoma asilimia 97, tulipofika juu kakawa kanacheza 91, 92, na kwa vile daktari alishatuambia itashuka kidogo hatukupata presha sisi wenyewe.

Halafu tukapanga sehemu za kulala kama ngazi. Usiku wa kwanza Amarillo, ambayo ipo kama mita 1,100 na ni nusu ya safari pia, kisha Alamosa mita 2,300, kisha Buena Vista mita 2,400 na ushee, halafu Estes Park ambayo ni 2,300 tena. Sehemu za juu zaidi ya hapo tulikua tunapita mchana tu, hatulali. Kuna watu wanaunga moja kwa moja Dallas mpaka milimani usiku kucha wakibadilishana usukani, kwa vijana sawa, kwa mzazi mimi nakataa kabisa.

Njia tuliyopita ni Amarillo, Dalhart, Clayton, Raton. Ukifika Clayton jaza tenki na waende chooni wote, manake mpaka Raton ni kama maili 80 za majani, upepo na wale wanyama wa mbugani wanaofanana na swala, watoto walihesabu mpaka wakachoka. Ukivuka Raton Pass, ile njia ya kukatiza milima, unaingia Colorado upande wa Trinidad, na saa yako inakua imerudi nyuma saa moja, kitu kizuri kwa anayeondoka mapema.

Sasa kuhusu mafuta sikilizeni vizuri. Colorado sheli nyingi petroli ile ya bei ya chini imeandikwa 85, hiyo ni namba ya oktani, yaani uwezo wa petroli kutowaka kabla ya wakati wake ndani ya injini, wakati Texas tumezoea 87. Fungua kitabu cha gari usome, magari mengi ya siku hizi yanataka 87 kwenda juu, kwa hiyo unabonyeza kitufe cha katikati unalipa hizo senti za ziada na injini inakua salama. Na usishangae gari likiwa zito kupanda, injini ya kawaida isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000 unazopanda. Siyo kwamba gari limeharibika, ni hewa imekua nyepesi. Kaa kulia na malori, acha wenye haraka wapite.

Kutoka Walsenburg tukashika barabara namba 160, tukapanda La Veta Pass, tukashukia bonde la San Luis. Hili bonde ndo lilimteka mama. Ni tambarare kubwa iliyozungukwa na milima pande zote, ipo juu mita 2,300, na wanalima nini? Viazi mviringo! Mtu wa Makete umwambie nini tena. Tukiwa barabara namba 17 karibu na Mosca akasema simamisha gari baba, nikatafuta sehemu pana nikasimama, akashuka na kitenge chake begani, akasimama pembeni ya barabara bila kuingia shambani kwa watu, anaangalia matuta yaliyonyooka mpaka macho yanaishia na ile mitambo mirefu ya kumwagilia inayotembea kwa magurudumu kuzunguka shamba. Akaniuliza mbegu gani, wanapiga dawa ya ukungu mara ngapi, nani anavuna. Nilikua sina majibu hata moja. Akainama akachukua udongo wa ukingoni akausugua kwenye vidole akasema huu ni mchanga mchanga, wa kwetu ni mweusi, hawa wanaishi kwa mbolea. Tulikaa pale mpaka watoto wakaanza kulia njaa, na hakuna parki yoyote ya kulipia iliyompa raha kama ule ukingo wa barabara.

Matuta ya mchanga ya Great Sand Dunes yapo hapohapo jirani, ndo marefu kuliko yote Amerika Kaskazini, tuta refu lina kama mita 230. Nendeni asubuhi sana au jioni. Mchana wa kiangazi ule mchanga unaweza kufika nyuzi 65 za selsiasi, mtoto akivua viatu anaungua kweli. Chini yake kinapita kijito kinaitwa Medano, kinajaa zaidi mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, sisi tulienda mwisho wa Juni maji yakawa ya vifundoni tu lakini watoto hawakutaka kutoka. Bebeni dawa ya mbu, kipindi hicho wapo wengi. Kama mnatembelea hifadhi zaidi ya moja nunueni ile kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa, sisi tulilipa dola 80 gari zima, ikatuingiza hapa na Rocky Mountain pia.

Buena Vista tulipanga kajumba ka mbao chenye jiko, na ushauri wangu kwa familia yoyote ya Kiswahili ni pangeni penye jiko, chakula cha hotelini huko milimani kinamaliza hela. Ila mpikaji ajue kitu kimoja, maji huko juu yanachemka kwenye nyuzi kama 92, hayafiki 100, kwa hiyo unaona sufuria linatokota kweli lakini maharage yanakutazama tu. Mama alilijua hilo tangu kwao, ndo maana alibeba presha kuka ndani ya begi lake la nguo na mke wangu alivyomuuliza akasema wewe subiri. Maharage yakaiva vizuri, ugali ukasongwa, na nje dirishani unaona vilele vina theluji mwezi wa sita, aisee.

Leadville tulipita mchana, ule mji upo mita 3,094, mama alitembea barabara kuu nusu saa, pole pole kama wanavyosema wale vijana wa Kilimanjaro, akanywa chai, tukaondoka. Kutoka hapo tukaingia barabara kuu ya I-70 kwenda Denver, na hapa ndo pa kuzungumzia kushuka. Unapita shimo la Eisenhower, ni handaki la karibu kilomita 2.7 kwenye mita 3,400 juu ya bahari, ukitoka upande wa pili ni mteremko, mteremko, mteremko. Dereva aliyepita mteremko wa Kitonga kule Iringa na lori lenye mzigo atawaambia, gari linashushwa na gia, breki ni ya kugusa. Kwenye otomatiki sogeza mkono wa gia kwenye L au S au namba ndogo, utasikia injini inanguruma na gari linajizuia lenyewe, hiyo ngurumo isikutishe. Ukikanyaga breki muda wote zinapata moto, zinanuka, na mwisho zinalainika hazishiki. Mtaona njia za kokoto zinazopanda pembeni, hizo ni za malori yaliyokatika breki, msipaki hapo hata kwa kupiga picha. Na karibu na Denver kabisa, ukishaanza kuona mji na kupumua, kuna mabango yanawaonya madereva wa malori wasidanganyike, bado zipo maili kadhaa za mteremko mkali. Yaheshimuni hata na gari dogo. Jumapili jioni hiyo barabara ya kurudi Denver inajaa foleni ya watu wa wikendi, sisi tulipita katikati ya wiki.

Trail Ridge sasa. Inafunguliwa kwa kawaida mwisho wa Mei na kufungwa katikati ya Oktoba, kutegemea theluji. Msimu wa kiangazi kuna kibali cha saa ya kuingia kinachonunuliwa mtandaoni kwenye Recreation.gov kwa dola 2, mbali na kiingilio, na sheria yake wanaibadilisha badilisha kwa hiyo ikague mwaka unaoenda. Mwaka wetu kwa sehemu ile ukiingia kabla ya saa tatu asubuhi hukuhitaji kibali, tukaamka saa kumi na moja, chai kwenye chupa, twende. Kuwahi kuna faida nyingine kubwa zaidi: kiangazi mawingu yanajikusanya mchana na radi zinapiga huko juu ambako hakuna hata mti mmoja, wewe ndo mrefu kuliko vitu vyote. Saa tano sisi tulishaanza kushukia upande wa Grand Lake.

Kule juu miti inaisha ghafla, inabaki nyasi fupi na vimaua vidogo vidogo vya njano, zambarau, bluu, vimelala chini kukwepa upepo. Mama akasema hii ni Kitulo, ile hifadhi yetu ya maua, waliyoikata nywele. Pale kwenye kituo cha wageni cha Alpine, mita 3,595, alishuka na koti zito, akapima kidole, 87, hajisikii vibaya ila anahema akitembea, tukakaa naye dakika chache kwenye benchi akaangalia kundi la elk, wale kulungu wakubwa wa huko, chini bondeni halafu tukamrudisha kwenye gari. Msiwalazimishe wazazi kutembea hizo njia za miguu ili wapigwe picha. Na msikanyage yale majani, yanachukua miaka mingi sana kurudi.

Pikes Peak, ule mlima wa jirani na mji wa Colorado Springs unaopandwa na gari, mama hakupanda, tuliamua hivyo tangu nyumbani, ile ni mita 4,302 na kupanda ni maili 19 tu. Yeye na mke wangu walibaki chini Garden of the Gods, ni bure na unaona mawe mekundu yaliyosimama ukiwa umekaa, mimi nikapanda na watoto. Kule nako kiangazi unabuku muda mtandaoni. Kilichonifurahisha wakati wa kushuka pale Glen Cove ranja, mlinzi wa ile barabara, anasimamisha kila gari, anaelekeza kipimajoto kwenye gurudumu la mbele, breki zikiwa za moto anakupaki upoe. Mimi nilishuka kwa L mwanzo mwisho, akapima, akanipungia mkono nipite, mtoto wangu mkubwa akapiga makofi.

Simu zinakata mtandao sehemu nyingi, pakueni ramani mapema. Bebeni makoti hata mwezi wa saba, mafuta ya kujipaka ya jua na ya midomo, maji mengi kuliko mnavyodhani. Barabara ya Ouray kwenda Silverton, ile isiyo na kingo sehemu nyingi, tuliiacha, inataka safari yake peke yake na dereva mwenye usingizi wa kutosha. Mwaka huu tunafikiria kwenda mwisho wa Septemba majani ya miti ya aspen yakiwa ya njano, na kwa atakayetaka kwenda kipindi hicho akumbuke kwamba kwenye I-70 milimani, kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka 31 Mei, gari lazima liwe na matairi yenye meno ya kutosha ya theluji au uwe umebeba minyororo, hata kama siku unayoondoka Dallas ni joto la kukaanga yai.