Ahadi kwa Marehemu: Nilivyopata Swali Langu la Utafiti

Kwa muda mrefu, nilipoulizwa natafiti nini, nilijibu "falsafa ya maadili". Aliyetaka zaidi nilimtajia matawi mawili: metaetiki na etiki ya kanuni. Katika mazungumzo jibu hilo lilitosha. Halikutosha nilipotakiwa kuandika ukurasa mmoja wa kueleza utafiti wangu. Msimamizi wangu alisoma rasimu akauliza jambo moja tu: "Haya mawili yanakutana wapi?" Naandika nilivyolijibu swali hilo, maana nimeona wenzangu wengi wakikwama hapohapo.

Kwa asiyeyafahamu matawi haya: etiki ya kanuni huuliza tendo gani ni sahihi, na ni nini kinacholifanya liwe sahihi. Huko ndiko wanakobishana wafuasi wa Kant wanaoshikilia wajibu, wafuasi wa Mill wanaopima furaha inayoletwa na tendo, na wafuasi wa Aristotle wanaoangalia tabia ya mtendaji. Metaetiki huuliza tunafanya nini hasa tunaposema "hili ni kosa". Je, tunataja ukweli fulani, au tunatoa hisia zetu tu, kama alivyodai A. J. Ayer mwaka 1936? Na kama ni ukweli, tunaujuaje?

Ushauri unaosikika sana ni kwamba umalize metaetiki kwanza, ndipo uhamie kwenye kanuni. Kwangu huko ni kuchimba msingi kabla ya kujua nyumba itakuwa na vyumba vingapi. Mjadala wa kama upo ukweli wa kimaadili haujafungwa, na sikuona dalili kwamba utafungwa ili mimi nipate kuendelea na kazi. Nikaanza na upande wa pili: nichague kisa kimoja kidogo cha kanuni, nikae nacho, nione ni maswali gani ya metaetiki kitakayoyavuta chenyewe.

Kisa cha tramu inayokwenda kuua watu watano, ambacho Philippa Foot alikianzisha mwaka 1967, nilikiacha. Kimeandikiwa mno, na idadi ya maiti huwashughulisha watu kiasi cha kuwasahaulisha mambo mengine. Nilichokichagua ni kisa cha J. J. C. Smart, katika makala yake ya mwaka 1956. Wewe na rafiki yako mmekwama kisiwani. Rafiki anakata roho, na kabla hajafa unamwahidi kwamba mali yake, iliyo chini ya mamlaka yako, utaikabidhi klabu ya mbio za farasi. Unaokolewa. Ukifika unaona fedha zile zingefaa zaidi hospitali. Hakuna mwingine aliyeisikia ahadi. Je, uwape nani?

Uzuri wa kisa hiki ni kwamba kimeondoa karibu kila sababu tunayoitegemea tunapotetea ahadi. Hakuna atakayepoteza imani kwako, kwa kuwa hakuna anayejua. Rafiki hataumia, kwa kuwa hayupo. Smart, aliyepima matendo kwa matokeo yake, hakuona kwa nini iwe kosa kuipa hospitali. Hata hivyo wengi wetu tukisikia jibu hilo tunasita. Kusita huko ndiko nilikotaka kukuchunguza.

Nilipitia majibu ya upande wa kanuni kwa haraka kuliko nilivyotarajia. Kant angeuliza kama kanuni ya kuvunja ahadi za siri inaweza kuwa kanuni ya watu wote. W. D. Ross, mwaka 1930, alihesabu kutimiza ahadi kuwa wajibu unaosimama wenyewe, ingawa unaweza kuzidiwa na wajibu mwingine mzito zaidi. T. M. Scanlon, mwaka 1998, alianzia kwenye hakikisho tunalompa mwenzetu na thamani ya hakikisho hilo kwake. Kila mmoja ana la kusema, lakini kulikuwa na jambo ambalo lilinikamata zaidi ya yote hayo.

Ahadi ni deni, na deni lina mdai. Mdai ndiye mwenye uwezo wa kusamehe. Rafiki yule angekuwa hai, ungemwendea ukamwambia, "Ndugu yangu, hospitali ina shida kubwa, niruhusu nibadilishe." Huenda angekubali, huenda angekataa, lakini mlango ungekuwepo. Alipokufa, mlango ulifungwa. Mdai wa fedha akifa, haki yake hurithiwa, na warithi wanaweza kukusamehe. Hapa warithi si wadai: ahadi hukuwapa wao. Na klabu haikuahidiwa chochote. Kwa hiyo kuna mambo mawili tu: ama ahadi imekufa pamoja na aliyeahidiwa, ama imebaki bila mtu yeyote duniani anayeweza kuifungua. Wengi hudhani ahadi kwa marehemu ni ahadi dhaifu. Kwa upande huu mmoja, ni ngumu kuliko ahadi kwa aliye hai.

Hapo metaetiki iliingia bila kuitwa. Kama wajibu upo na mdai hayupo, wajibu huo unakaa wapi? J. L. Mackie, mwaka 1977, alisema kwamba mambo yenye nguvu ya kututaka tutende, yakiwepo yenyewe nje ya matakwa yetu, yangekuwa vitu vya ajabu kuliko chochote tukijuacho. Deni lisilo na mdai ni mfano ambao angeufurahia. Mwaka huohuo Gilbert Harman alidai kwamba ili kueleza kwa nini tunaona jambo fulani ni kosa, malezi na saikolojia vinatosha. Sharon Street, mwaka 2006, aliongeza mageuzi ya viumbe: hisia zetu za kimaadili zimefinyangwa na yale yaliyowasaidia mababu zetu kuishi na kuzaana, si na ukweli wa maadili.

Ukizitumia hoja hizo kwenye kisiwa, kusita kwetu kunaelezeka kirahisi. Tumelelewa kutimiza ahadi, na jamii zisizotimiza ahadi hazidumu. Basi kusita si ushahidi, wape hospitali. Peter Singer alikwenda njia inayofanana na hiyo mwaka 2005, akitumia pia uchunguzi wa ubongo uliofanywa na Joshua Greene na wenzake, kudhoofisha hisia zinazompinga mpima matokeo.

Lakini huruma kwa wagonjwa nayo ilitoka wapi? Nayo ina malezi yake, na nayo ina historia yake ya mageuzi. Asili ya hisia ikiwa ni sababu ya kuitupa, inatupa pande zote mbili za mizani, na tunabaki bila cha kupima. Anayetaka kuutupa upande mmoja lazima aonyeshe kwamba huo mwingine ulipatikana kwa njia safi zaidi. Singer analijua hilo, akajibu kwamba kuna maono, yaani hukumu za papo kwa papo, yanayotokana na akili, si na mageuzi. Nimesoma jibu lake kwa makini na bado halijanishawishi.

Sentensi niliyoiandika kwenye ukurasa wangu ikawa hii: natafiti kama deni la ahadi linaweza kudumu baada ya mdai kutoweka, na kama maelezo ya asili ya hisia zetu yanaweza kutusaidia kuamua. Msimamizi alisoma, akasema, "Sasa naona."

Baada ya hapo nilijiwekea sharti: makala ya metaetiki haiingii kwenye kazi yangu mpaka ibadilishe kitu kisiwani. Hoja ya G. E. Moore ya swali lililo wazi (kwamba ukilifafanua "jema" kwa jambo lolote la asili, bado unaweza kuuliza kama jambo hilo ni jema), ninayoipenda sana, ikabaki nje. Ya Peter Geach ya mwaka 1965 ikaingia, kwa sababu nilihitaji kusema "ikiwa kuvunja ahadi hii ni kosa, basi kumshawishi mtu aivunje ni kosa". Neno "kosa" likiwa ni mguno wa hisia tu, ni vigumu kueleza linafanya nini baada ya "ikiwa", ambapo msemaji halaumu chochote.

Kwa sasa naegemea upande wa kwamba deni linadumu: lilifungwa kati ya watu wawili walio hai, na kifo cha mmoja hakifuti kilichokwisha kufanyika. Sehemu ngumu iliyobaki ni ya uzito, yaani hospitali ikiwa na shida kiasi gani deni hilo linazidiwa. Ili kuipima nimeibadilisha hadithi. Rafiki hajafa, amezimia, na inatarajiwa atazinduka baada ya mwaka mmoja. Wanaonijibu husema tumsubiri, hata hospitali ikiteseka kidogo. Yeye naye hajui lolote kwa mwaka mzima, sawa na marehemu. Kwa nini tumsubiri huyu na yule tumpite? Sura ninayoiandika sasa inashughulikia tofauti hiyo.