Siku moja maishani mwangu: natengeneza leza za faiba hapa Arusha

Nikisema natengeneza leza, watu wanasubiri niwaonyeshe mwali mwekundu. Haupo. Mwanga wangu hauonekani kwa macho, ila unaweza kukupofusha, kwa hiyo maabara yetu ndogo ya Njiro haina cha kupigia picha: meza, mizingo ya faiba (uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga), vipimo, na watu wenye miwani mizito.

Saa 12 na nusu asubuhi. Ukungu wa Meru umeshuka mpaka barabarani Ngaramtoni, na taa za daladala zinamrudishia dereva mwanga machoni. Kioo cha faiba nacho kinafanya hivyo, kwa kiwango kidogo mno. Hakikuganda sawasawa, na kila penye tofauti ya msongamano mwanga unatawanyika, chembe yake ikirudi ulikotoka. Watu wa mawasiliano wanauhesabu mtawanyiko huo kuwa hasara, kwani ndio unaofanya nguvu ipungue nusu kila kilomita 15 hivi. Mimi ndio unaonilisha.

Saa 2. Kufagia, kufuta vumbi, chai na maandazi.

Saa 3 hadi saa 6 ni hesabu kwenye kompyuta. Leza ya kawaida inataka vioo viwili vya kuakisi, mwanga uende na kurudi katikati yake huku ukikuzwa. Mwaka 2010 mwanafizikia Turitsyn na wenzake walionyesha, kwa faiba ya kilomita 83, kwamba vioo vinaweza kuachwa kabisa. Kinachorudishwa na mtawanyiko hakifiki hata sehemu moja kwa elfu, lakini kikikuzwa njia nzima kinatosha. Unasukuma mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1455, faiba yenyewe inauhamishia nguvu mwanga wa karibu 1550, kwa njia ambayo C. V. Raman aliigundua nchini India mwaka 1928. Shida ni kizingiti, yaani nguvu ya chini kabisa inayoiwasha leza. Turitsyn na wenzake walihitaji zaidi ya wati moja, na leza ya kusukuma ya nguvu hiyo ni ghali na inakula umeme. Ukitaka sensa ya joto au mtikisiko itakayokaa mlimani kwa sola, lazima ukishushe kizingiti hicho. Kwa faiba yenye madini ya erbiamu, watafiti Gagné na Kashyap walifika miliwati 3 mwaka 2009, ila waliichora faiba yao vioo vidogo vidogo. Sisi tunataka kuacha faiba ndefu ifanye kazi yenyewe, tukiisaidia kwa kioo kimoja tu mwanzoni.

Makande, saa 7.

Saa 8 mchana tukawasha. Kilomita 40, mizingo miwili ya 20 iliyoungwa kwa konekta (kiunganishi cha kuchomeka), na ncha ya mwisho imekatwa mshazari, digrii 8, ili isirudishe kitu. Hesabu zilisema wati moja. Ikawaka kwa 0.6.

"Dada, imewaka!" Kijana ninayefanya naye kazi alishika simu kupiga picha ya kipimo. Nikamwambia, mdogo wangu, tulia kwanza.

Namba nzuri kuliko fizikia inavyoruhusu hainifurahishi hata kidogo. Tukaangalia mdundo wa mwanga unaotoka, yaani jinsi nguvu yake inavyopanda na kushuka. Leza ya mtawanyiko haina umbali maalum ambao mwanga unakwenda na kurudi, kwa hiyo mdundo wake ni tambarare. Wetu ulikuwa na vilele, kila baada ya kilohezi 5 hivi. Piga hesabu: hiyo ni safari ya kwenda na kurudi kwenye kilomita 20 za faiba. Katikati ya faiba palikuwa na kitu kinachofanya kazi ya kioo cha pili, na hapo katikati ipo konekta.

Tukafungua, tukasafisha, tukawasha: vilele vipo. Tukasafisha tena kwa spiriti, tukaangalia kwa darubini, tukakuta mkwaruzo kwenye ncha iliyotoka hivyo kwa muuzaji. Mpenyo mdogo wa hewa kwenye kioo unaweza kurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na asilimia 4 mbele ya mtawanyiko ni mlima. Dawa ni kukata konekta na kuchomelea faiba kwa faiba. Mara ya kwanza mkato ukaja na jino. Wakati tunakata tena, mzee jirani akaingia, shikamoo, marahaba, akataka nikamtengenezee intaneti kwa sababu "si unafanya faiba, mwanangu?" Nikamweleza kwa heshima, hakuridhika, akakaa, nami siwezi kumfukuza mzee. Halafu umeme ukakatika mashine ikiwa imeshika nyuzi mbili, na betri yake ilikuwa imeisha. Tukasubiri gizani, shingo inauma, macho yanawasha, sikumbuki saa ngapi ulirudi. Uzi wa kioo mwembamba kama huu haukubali mkono unaotetemeka, na wangu ulishaanza, kwa hiyo nilimwachia kijana. Aliunga safi kabisa.

Tukawasha usiku. Wati moja na kidogo. Mdundo tambarare, hakuna kilele hata kimoja. Namba mbaya kuliko ya mchana, na ndiyo niliyoiandika kwenye daftari kwa wino, kwa sababu ndiyo leza yenyewe. Ile ya 0.6 ilikuwa mkwaruzo wa mtu mwingine.

Kesho tunaweka faiba yenye kiini chembamba zaidi, mwanga ubanwe na ukuzaji upande. Na konekta zote zinatoka.